Fundi Aliyekaa Katikati

Kiti chake kilikuwa cha katikati na hakuna aliyewahi kumtoa pale. Cherehani yake ya miguu ilikuwa imepigiliwa misumari sakafuni kwa ajili ya wezi, kiti kikiwa nyuma yake, na chumba chenyewe, pale Bwiza, kilikuwa chembamba kama koo la kuku. Alasiri kazi ikilegea, tulilaza ubao wa kukatia nguo juu ya cherehani, na kila mtu akakaa pale magoti yake yalipoingia. Makanika wa gereji ya jirani alikaa ukutani. Kisha Fundi. Kisha mimi. Wa mwisho, mlangoni, alikaa mteja yeyote aliyekuwa anangoja suruali yake, na huyo ndiye aliyegawa karata, kwa sababu mlangoni ndipo palipokuwa na mwanga.

Mjukuu wangu aliona kwenye simu kwamba pokeri haichezwi hivyo. Anayegawa anabadilika kila mchezo, na nafasi za watu zinazunguka. Akatuambia. Fundi alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kujibu.

"Waambie hao wa kwenye simu wakuje kuhamisha cherehani."

Basi hatukuzunguka. Makanika alizeeka akiwa wa kwanza kusema, na Fundi akazeeka katikati.

Mwaka huu watu walisema Fundi amekwisha. Kiharusi kilimpiga asubuhi akiwa anapasha pasi ya makaa. Ulimi ukafungwa, mkono wa kulia ukalala. Mtoto wake wa kiume akamchukua kwake Kinanira, juu mlimani, akamwambia mwenye nyumba wa Bwiza kwamba mwezi ukiisha chumba atapewa, na cherehani itang'olewa. Aliniambia kwenye simu, "Mama, mzee hatujui tena. Unamusemesha ni kama unasemesha ukuta." Mimi nikabaki na swali moja: yumo au hayumo? Kama hayumo, Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayechukua. Lakini kama yumo, amekaa huko mlimani akilishwa uji, watu wanaongea juu ya kichwa chake, na cherehani yake inatolewa misumari naye anasikia.

Kabla sijasema nilichofanya, lazima mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na pesa haikuwahi kupanda kwenye ubao ule hata siku moja. Tulicheza vifungo. Cha shati kilihesabiwa kimoja, cha koti kilikuwa na nguvu ya vitano, na vyote vilirudi kwenye kopo la maziwa ya unga mchezo ukiisha, kwa sababu ndivyo alivyoshonea watu nguo kesho yake. Kuna wakubwa wa Bwiza waliotembea na vifungo nilivyompokonya Fundi, na hawajui. Siku moja shekhe alileta kanzu ipunguzwe mikono, akatukuta tumeinama.

"Fundi, hii ni kamari?"

"Apana, Shekhe. Ni vifungo."

Shekhe akaangalia vifungo, akaangalia karata, akaniangalia mimi, mwanamke mzima na kanga yangu, katikati ya wanaume. "Hata kama," akasema. "Fungeni mlango." Fundi akamwambia mlango hauwezi kufungwa, mwanga unatoka huko. Mwezi wa Ramadhani karata zilifungiwa kwenye droo ya cherehani na ufunguo akautia mfukoni, na ukimtajia pokeri alikuangalia kama vile umemtukania mama.

Mimi niliingia pale kwa kifo. Kiti cha tatu kilikuwa cha mume wangu. Alipokufa, Fundi alikuja matangani akakaa siku zote bila kusema neno la kufariji, mpaka dada zangu wakanong'ona kwamba huyu mtu hana moyo. Eda yangu ilipokwisha nikapita mlangoni kwake na beseni langu la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, natoka sokoni. Akaniita bila kuinua kichwa.

"Shemeji. Ile kiti iko bure. Kaa."

"Mi sijui karata."

"Na bwana yako alikuwa anajua? Kaa. Lakini nawa kwanza, na limau. Karata zangu hazitanuka ndagala."

Nilinawa na limau. Nilikaa. Shule niliiacha mtoto mdogo, kusoma kwangu ni kwa kuvutavuta, lakini karata nilizishika kama aliyezaliwa nazo, na hilo nalisema bila haya.

Pokeri yenyewe si mchezo wa kutisha. Kila mtu anapewa karata mbili za kuficha. Katikati ya ubao zinafunuliwa tatu, halafu ya nne, halafu ya tano, na hizo ni za wote. Unaziunganisha na zako uone umepata nini. Kila zinapofunuliwa, watu wanasema kwa zamu: unaweka vifungo, au unafuata aliyeweka, au unaongeza juu yake, au unatupa karata zako. Na kama hakuna aliyeweka, unaweza kugonga ubao na kusema parole, maana yake mimi napita, aseme mwingine. Karata mbili za mwanzo hata mlevi anaweza kuzicheza. Kazi iko mwishoni, kwenye ya nne na ya tano, vifungo vikishakuwa vingi.

Na kazi iko kwa aliye katikati. Fundi alikuwa akisema: "Wa mwisho iko na raha, ameshasikia wote. Wa kwanza iko na sababu, hajasikia mutu. Wa katikati hana raha, hana sababu." Makanika alikuwa ameshasema mbele yake, lakini nyuma yake tulikuwa wawili tusiojulikana, mimi na mwenye suruali. Kwa hiyo alijifunza kututumia. Akipata karata nzuri sana hakuweka kitu. Aligonga ubao kwa mkasi, parole, akaendelea kukata uzi. Mimi nyuma yake nikiona kimya nadhani njia ni nyeupe, naweka vifungo vyangu. Ndipo aliponigeukia na kuongeza mara tatu.

"Mutu wa haraka akikaa nyuma yako," akasema, "muachie afanye kazi yako."

"Umeniibia."

"Nimekuibia nini? Ni we ulileta."

Alinifanyia hivyo wiki kwa wiki, mpaka nikajifunza kuogopa parole yake kuliko vifungo vyake.

Kufundisha hakufundisha. Alikuwa na uchoyo wa maneno, na wa chai pia. Alikuwa akiongeza maji kwenye majani yale yale mpaka chai inatoka rangi ya mvua. Lakini ukishindwa vibaya, hakuweza kujizuia. Siku moja nilikuwa na asi mbili mkononi, karata kubwa kuliko zote. Tatu zikafunuliwa, hakuna la kuniumiza, nikaweka kifungo cha shati. Ya nne ikafunuliwa, nikaweka tena kifungo cha shati, kimoja, kwa woga. Makanika akafuata kwa bei ya bure, akaipata kwenye ya tano karata aliyokuwa anaingoja, akabeba ubao mzima. Fundi alikuwa ameshatupa zake zamani. Akaweka chini suruali aliyokuwa anapindia.

"Shemeji, karata tatu za kwanza ni kupima. Unazungusha futi, unaangalia, ukikosea unapima tena. Ya nne ni kukata. Pale unaingiza mukasi ama unaacha kitambaa. We ulipima muzuri, halafu ukagusagusa kitambaa na mukasi kama unaikuna. Kama uko na nguo, kata. Weka vya koti. Muambie Makanika: ukitaka kuona ya tano, lipa."

"Na ya tano yenyewe?"

"Ya tano mwenye nguo amekuja kuvaa, na kioo iko hapo. Hakuna uongo tena."

Hapo Makanika akacheka, kwa sababu Fundi mwenyewe alikuwa mwongo mkubwa wa karata. Lakini ni kweli, alikuwa na mpaka. Alidanganya kwenye ya tatu, alidanganya hata kwenye ya nne, lakini kwenye karata ya tano, akiwa na watu wawili nyuma yake, akiweka vifungo, alikuwa nazo. "Mumoja utamudanganya," alikuwa akisema. "Wawili, apana. Mumoja kati yao atakuwa mujinga, atafuata tu kwa kutaka kuona." Kwa miaka yote ile sikumkamata hata mara moja. Mwishowe mimi na Makanika tulikuwa tunatupa kabla hajaondoa mkono.

Na mtu huyo huyo kwenye nguo hakujua uongo wa kuokoa roho. Alikuja mama mmoja na gauni la harusi ya mdogo wake, limembana, watu wamejaa barazani.

"Fundi, hii gauni umeiharibu."

"Apana, mama. Gauni iko vile niliiacha. Ni we uliongezeka."

Alipoteza wateja kwa mdomo huo. Mimi pia nilimnunia, si mara moja. Alimshonea mjukuu wangu sare za shule toka akiwa mdogo wa chekechea, na kila mwaka aliniambia mbele yake kwamba mtoto ana mabega ya mwanajeshi. Leo hayo mabega yanasomea uuguzi, wa kwanza katika ukoo wetu, na yanainua wagonjwa ambao wanaume wanawaogopa. Nilipomweleza Fundi alisema tu, "Nilisema nini?" Hizo ndizo zilizokuwa pongezi zake.

Huyo mjukuu ndiye niliyemuuliza habari ya kiharusi. Akaniambia, "Bibi, ulimi na akili ni vyumba viwili. Saa ingine moto unaunguza kimoja. Saa ingine vyote. Ukiwa nje huwezi kujua."

"Na unajuaje?"

"Unamupa kitu alikuwa anajua kufanya. Unaangalia."

Mwenye nyumba alikuwa amekuja tayari kupima chumba kwa futi. Nikaenda kwa Makanika, nikamkuta chini ya gari, nikamwambia avae shati safi. Funguo za chumba alikuwa nazo yeye. Tukachukua kopo la vifungo na karata. Petroli ilikuwa haipatikani wiki ile, taksi chache zilizokuwepo zilitaka bei ya wizi, kwa hiyo tulipanda Kinanira kwa miguu, Makanika akinisukuma mgongoni kwenye mwinuko kama gari lililokufa betri.

Mtoto wa Fundi alitufungulia. Si mtoto mbaya, hilo niliseme wazi. Anafanya kazi ofisini, na anamwogesha baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, karibuni. Lakini musimuchokeshe. Na musiumie akiwa hawajui."

Fundi alikuwa kwenye sofa, amefunikwa blanketi, amevaa shati la dukani ambalo kola yake ilishonwa na mtu mwenye haraka. Nikamsalimia. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia pazia. Nikasema, "Shemeji yako nimekuja." Pazia. Makanika akamshika mkono ule mzima, akaachia haraka, akaenda kusimama dirishani na kujifanya anaangalia magari.

Nikasogeza meza ya kahawa. Makanika nikamkalisha kushoto kwa Fundi, mimi nikakaa kulia kwake, na kiti cha mwisho, upande wa mlango, nikamwonyesha mtoto wake.

"Mi, Mama? Mi sijui muzuri. Nilikuwa nachezaga kidogo chuoni."

"Inatosha. Gawa."

Mwanzo ulikuwa mbaya. Fundi aliziangalia karata zake mbili kwa mkono wa kushoto, akaziacha chini, akatupa. Mchezo wa pili akasukuma kifungo wakati zamu ilikuwa ya Makanika. Wa tatu akatupa tena kabla hatujafunua chochote. Mtoto wake akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi.

"Unaona, Mama. Ni vile."

"Gawa," nikasema.

Akagawa. Nikapata mfalme na tisa. Kila mtu kifungo chake kimoja ubaoni, zikafunuliwa tatu: mfalme, tisa ya kopa, nane ya kopa. Nilikuwa na jozi mbili, na nilijikaza nisionyeshe. Makanika akasema parole. Fundi akagonga meza kwa kidole. Nikaweka vitatu vya shati. Mtoto akafuata, Makanika akafuata, na Fundi, taratibu, akasukuma vitatu. Nikajiambia, anatuiga tu. Ya nne ikawa mbili ya shupaza. Makanika parole, Fundi akagonga. Mimi sasa sikukunakuna kitambaa: nikaweka vya koti viwili. Wote wakafuata, na Fundi naye, macho kwenye pazia.

Ya tano ikawa nne ya kopa.

Hapo kopa zilikuwa tatu mezani. Mwenye kopa mbili mkononi amepata tano za namna moja, na jozi zangu mbili hazina kazi. Makanika akasema parole. Fundi akaweka mkono wa kushoto nyuma ya vifungo vyake vyote, vya shati na vya koti, akavisukuma mpaka katikati ya meza. Viwili vikaanguka kwenye zulia. Hakuviangalia.

Zamu ikawa yangu, na sikujua ninacheza mchezo gani. Kama ni Fundi niliyemjua, yuko katikati, karata ya tano, wawili nyuma yake, ameweka: anazo kopa. Kama si yeye tena, basi amesukuma kama mtoto anavyosukuma sahani ya uji, na nikifuata nitamfunua mbele ya mtoto wake, na cherehani itang'olewa Jumatatu, mwezi ukiisha. Nikamwangalia usoni. Pazia. Mtoto wake akasema polepole, "Mama, rudisha tu vifungo. Hajui."

Nikachukua mfalme wangu na tisa yangu nikazitupa, zimelala kifudifudi. Niliamua kumheshimu. Kama nilikuwa mjinga, nilikuwa mjinga wa mtu wangu.

Mtoto naye akatupa. "Sina kopa mimi." Makanika akatupa.

Fundi akafunua zake mwenyewe, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Karata ya kumi na karata ya saba, moja ya maua, nyingine ya shupaza. Hakuna kopa. Hakuna kitu. Alikuwa amefuata njia yote akingoja sita au ghulamu aziunganishe, na hakuna aliyekuja.

Mtoto wake akajifunika uso kwa kiganja. "Voilà. Alikuwa anasukuma tu."

Mkono wa kushoto wa Fundi ukanyanyuka tena. Ukaenda kwenye rundo la karata tulizotupa, zimechanganyika, za kwangu, za Makanika, za mtoto, zote kifudifudi. Ukapita juu ya moja, ukapita juu ya nyingine, ukachomoa moja akaifunua: mfalme. Ukachomoa ya pili: tisa. Akazilaza mbele yangu, zimenyooka, kando ya saba yake na kumi yake, watu wote waone nilichokitupa na nilichokikimbia. Kisha akaliacha pazia akanitazama, na bega lake zima likaanza kutikisika.

Makanika alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama," mtoto akasema, "ulikuwa na hizi? Na ukatupa?"

"Nilitupa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu babako hajawahi kudanganya kwenye karata ya tano akiwa katikati. Hata siku moja. Muulize Makanika."

"Na leo?"

"Leo alijua kwamba mi najua."

Yule kijana akabaki ameshika karata. Alikuwa akiangalia zile mbili zilizochomolewa kwenye rundo, na macho yale tuliyodhani yalikuwa kwenye pazia. Mimi pumzi zilinitoka kama mtu aliyetua gunia. Nililia bila kujificha, na nilikuwa nimenyang'anywa vifungo vyote nilivyoweka na sikuwahi kufurahi vile toka mjukuu wangu apate nafasi ya chuo. Mtoto akashuka kwenye kiti, akachuchumaa mbele ya sofa. Toka tuingie alikuwa hajasema na baba yake, alikuwa anasema na sisi.

"Papa," akasema. "Unataka nini?"

Fundi akanyoosha kidole mlangoni, kwenye viatu.

Mtoto akavileta. Akampigia mwenye nyumba wa Bwiza simu ikiwa imebanwa begani, anamwambia chumba asikitoe, tunakuja kuongea, huku anamvalisha baba yake. Kwa haraka zake akaingiza kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto. Fundi akamwacha akifunge kamba mpaka mwisho, ndipo akamgonga utosini kwa kidole, akamwonyesha mguu mwingine.